Dereva msamehe, bima usiisamehe!

NI saa tisa na nusu za alasiri. Ofisi za Serikali pale Chake Chake zimefungwa, na kila mwenye mkoba wake anateremka kuelekea stendi. Wa Wete anaitafuta 606, wa Mkoani 603, wa Konde 602. Utingo anapiga bodi kwa kiganja: "Wete, Wete, bado mmoja!" Huyo mmoja, ndugu msomaji, ni wewe. Unaingia, unajibana, magoti yako yanagusana na magoti ya bibi mwenye kikapu cha dagaa, unashukuru Mungu umepata pa kukaa. Gari haijaondoka. Bado mmoja!

Safari ya kurudi nyumbani ndiyo safari tunayoiogopa kidogo kuliko zote. Ya kwenda Unguja kwa boti tunaisomea dua, ya ndege tunaaga mtaa mzima. Ya kutoka kazini mpaka Limbani au Mtambile, nani anaaga? Na hiyo ndiyo inayovunja watu miguu.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilisema ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na wanaoumia bila kufa ni kati ya milioni 20 na milioni 50. Magazeti hupenda kuhesabu maiti. Aliyeumia akatoka hospitali na magongo hana kichwa cha habari. Wiki hii tumzungumzie yeye, maana huyo ndiye anayeibiwa mchana kweupe, tena mara nyingi kwa saini yake mwenyewe.

BADO MMOJA

Pemba, kisiwa chenye watu zaidi ya nusu milioni kwa sensa ya 2022, ni kisiwa cha vilima. Wapiga picha wanavipenda. Dereva hana hamu navyo: panda, teremka, kona, halafu kona nyingine kabla hujaimaliza ya kwanza. Mvua za masika zikichachamaa, udongo mwekundu unashuka toka mashambani mpaka juu ya lami, na lami ikilowa inateleza kama kambale. Barabara kuu zimekuwa zikijengwa upya miaka ya karibuni, na hilo ni jambo jema, lakini lami nzuri nayo ina maradhi yake: guu la dereva linakuwa zito. WHO hiyo hiyo inasema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4. Kwa hiyo yule aliyetoka mwendo wa 50 akaenda 60, akakwambia "nimekanyaga kidogo tu," mjue.

Kisha gari zenyewe. Basi za kisasa zinaingia, lakini gari ya mbao, ile iliyochongewa bodi juu ya chesisi ya pikapu au lori dogo, bado iko kazini. Viti ni mabenchi marefu ya ubavuni, mnakaa mnatazamana. Mkanda hamna. Dereva akifunga breki ghafla, unakwenda ubavu: unamlalia mwenzako, naye anamlalia wa kwake, mpaka yule wa mwisho anabanwa na uzito wa wote kwenye ubao. Hapo ni mbavu, bega, nyonga. Na yule aliyetoa mkono nje kutafuta upepo? Gari nyingine ikipita karibu mno, kiwiko ndicho kinacholipa. Kiwiko kilichosagwa hivyo huwapa madaktari wa mifupa kazi ngumu, na mara nyingi mkono haukunjuki tena kama zamani. Ukikaa pembeni, mkono weka mapajani, upepo utakufikia humo humo.

Ipo pia saa mbaya. Wenye kufunga Ramadhani wanaijua: ile nusu saa kabla ya Magharibi. Kila mtu anataka akafuturu na wanawe, dereva mwenyewe ana kiu tangu alfajiri, na jua linamchoma machoni. Mbele yake kuna gari ya ng'ombe imepakia makuti, haina taa wala kioo cha kuakisi. Ng'ombe naye anarudi nyumbani kutoka kazini, hana kosa.

Kuhusu kujaza, wala Pemba haihitaji kufundishwa na mtu. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander I ikitoka Unguja kuja Pemba ilizama na mamia ya watu, wengi wao wakirudi makwao. Ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Tulilia, tukasoma hitima, na asubuhi tukapanda 606 tukiwa tumening'inia nyuma.

"MIE MZIMA, NIACHENI"

Ajali ikitokea Pemba, msaada haukawii. Watu wanatoka mikarafuuni, wanatoka msikitini, wanaacha jiko linaungua. Wema huo usidharauliwe, iko miji mikubwa ambako mtu hugongwa na watu wakapita wanamtazama. Lakini wema wetu una pupa. Majeruhi anabebwa mikono na miguu kama gunia la karafuu, anarushwa nyuma ya pikapu ya kwanza iliyosimama. Kama shingo au uti wa mgongo umepata ufa, kubebwa huko ndiko kunakoweza kumpooza, si ajali yenyewe.

Basi, gari ikiwa haiwaki moto wala haielekei kugongwa tena, mwacheni alale palepale kwanza. Mmoja amshike kichwa kisigeuke. Panapotoka damu pakandamizwe kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuchungulia kila dakika. Mguu uliovunjika ufungwe pamoja na ubao, au hata pamoja na mguu wa pili, ndipo alazwe juu ya kitu kigumu na abebwe na watu wanne. Mtasema ubao mtautoa wapi? Gari ya mbao imejaa mabenchi!

Yupo mwingine wa hatari zaidi, naye ni yule asiyelia. Anasimama, anajipangusa vumbi, anasema "mie mzima, niacheni, tazameni wengine." Anarudi nyumbani kwa miguu, anakunywa chai. Saa sita za usiku tumbo limejaa, kapauka, jasho la baridi linamtoka. Bandama ikipasuka humwaga damu ndani ya tumbo pole pole, nje hakuna hata mkwaruzo. Paja likivunjika nalo linaweza kumeza damu lita nzima na zaidi bila tone kuonekana. Na aliyepigwa kichwa akaanza kusinzia sinzia, akatapika, huyo hajachoka, huyo anahitaji daktari usiku ule ule.

Siku hizi Pemba si ile ya zamani ya kubebana kwenye ngalawa. Hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Kwa yaliyo mazito ipo Mnazi Mmoja kule Unguja, na Dar es Salaam ipo taasisi ya mifupa ya Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996. Wazee wetu wanaounga mifupa kwa banzi na mafuta nao wana watu wao, sigombani nao. Ila naomba kimoja: picha ya eksirei itangulie, kukandwa kufuate. Mfupa uliopasuka vipande ukikandwa unakata mishipa.

KIKAO KWA SHEHA

Sasa tufike penye kiini. Siku ya tatu au ya nne baada ya ajali, mgonjwa amelala, mguu umetundikwa, mlango unabishwa hodi. Wanaingia wazee watatu, na nyuma yao kijana ameinamisha kichwa. Ndiye dereva. Tuseme mgonjwa ni mwalimu wa kike, anafundisha Chake, anakaa Wete, ana watoto wanne. Mzee mmoja anakohoa.

"Mwanangu, tumekuja kukupa pole, na tumekuja na huyu. Huyu ni mtoto wa nyumba, babake na babako wamesoma chuo kimoja. Lililotokea ni kadari ya Mwenyezi Mungu."

"Ami, mie sina neno naye," anajibu mwalimu. "Nishamsamehe tangu pale pale barabarani."

Nani atajibu vingine? Kisiwa ni kidogo. Dereva ukimchimba kidogo utakuta ni shemeji, au alikunyonyeshea nduguyo mamake. Kusamehe ni ibada, na anayesamehe ana malipo yake kwa Mola. Mpaka hapo kila kitu ni kizuri, na ningekuwepo ningefuta machozi.

Ubaya unaanza wanapokwenda kwa sheha. Karatasi inatolewa. Imeandikwa kwamba fulani amepokea shilingi laki mbili za matibabu, amesamehe, na hana madai yoyote kwa mtu yeyote kuhusu ajali hiyo. Saini hapa, dole gumba hapa, mashahidi wawili. Polisi wanaambiwa tumeshayamaliza kifamilia. Faili linalala. Watu wanakunywa soda.

Mwenye kucheka ni nani hapo? Si dereva, maskini, laki mbili kaikopa. Si mwenye gari, gari yake imebonyea. Anayecheka yuko ofisini anapigwa na feni, wala hakualikwa kikaoni: ni kampuni ya bima. Mwenye gari amelipa bima kila mwaka, stika imebandikwa kwenye kioo, na siku ya siku ilipofika wenyewe tukaiambia kampuni, "Nenda salama, hatukudai kitu."

MTU WA TATU NI WEWE

Wengi wakisikia "bima ndogo" wanadhani ni kitu cha kumridhisha trafiki. Sivyo hata kidogo. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, imewekwa na sheria iwe ya lazima kwa kila gari barabarani kwa sababu moja: dereva akimuumiza mtu na ikawa ni kosa lake, apatikane wa kulipa. Gari ndiyo haina chake humo. Mwenye gari ni mtu wa kwanza, kampuni ni mtu wa pili. Wa tatu ni mwenda kwa miguu, mwenye baiskeli, na abiria aliyetoa nauli yake kihalali. Yule mwalimu mwenye mguu uliotundikwa ndiye mtu wa tatu mwenyewe.

Lakini kampuni hailipi kwa huruma. Inalipa deni la dereva na mwenye gari. Wewe ukishaandika kwamba wale hawana deni kwako, kampuni itakuuliza inalipa deni lipi? Na makampuni mengi huomba karatasi: ripoti ya polisi, ramani ya ajali, fomu ya PF3, taarifa ya daktari, risiti, na mara nyingi hata hukumu ya kesi ya trafiki inayoonyesha dereva alipatikana na kosa. Faili likilala kituoni, karatasi hizo utazipata wapi? Kwa hiyo PF3 isiachwe hata ukijiona mzima. Bila shaka mwenye kutokwa na damu atibiwe kwanza, fomu ifuatwe na ndugu huku anashonwa.

Hapa nasikia msomaji ananikatiza: "Yakhe, wewe unataka tumfunge mtoto wa watu!" Sitaki. Jambo hili lina uzito wake, na anayesema ni jepesi hajawahi kuishi kijijini. Ukiendelea na kesi, kuna watakaokununia harusini. Lakini kusamehe kwa moyo ni kitu kimoja, na kufuta karatasi ni kitu kingine. Unaweza ukasimama mbele ya hakimu ukasema huyu kijana nimemsamehe, naomba apunguziwe. Mahakama husikia maneno hayo wakati wa kupima adhabu. Msamaha wako unampunguzia dereva mzigo, haubadilishi kwamba gari ilipinduka na mguu ukavunjika. Hicho ndicho kampuni inachotaka kukiona kimeandikwa.

Na dereva mwenyewe afundwe. Bima ikilipa, yeye haihitaji kukopa ile laki mbili. Wazee wakija na heshima zao, pokeeni pole, pokeeni na sukari, hata laki mbili ya kujikimu pokeeni kama ni ya kumfaa mgonjwa, ila kiandikwe kuwa ni msaada wa matibabu basi. Yale maneno "sina madai kwa mtu yeyote" yakatweni kwa kalamu.

Wapo wasemao, "Hospitali za Serikali hazitozi kitu, fidia ya nini?" Hebu tupige hesabu ya yule mwalimu. Paja lililowekewa chuma linaweza kumweka nje ya kazi miezi mitatu, minne, hata sita. Mshahara pengine utaendelea, lakini zile biashara ndogo za jioni, sambusa na vitumbua, zimekufa. Dada yake ameacha shamba ili amuuguze. Kwenda Unguja kuonana na daktari ni boti ya watu wawili, chakula cha watu wawili, kulala kwa jamaa. Kama angekuwa mchumaji wa kibarua, msimu wa karafuu ungempita huku anautazama dirishani, na kwa wengi wao msimu ndio mwaka mzima. Shirika letu la ZSTC limekuwa likitoa fidia kwa wachumaji wanaoanguka kutoka mikarafuuni, na hakuna aliyesema ni aibu kuichukua. Aliyeanguka juu ya mti anachukua chake. Aliyeanguka kwenye gari iliyomtoa chini ya mti huo huo anaona haya!

Kabla ya yote itazamwe stika kama iko hai. Siku hizi Mamlaka ya Bima, TIRA, ina mfumo wa kuhakiki bima kwa simu kwa kutumia namba ya gari, hakuna haja ya kumbembeleza mwenye gari akuonyeshe. Bima ikiwa imekufa, deni linamwangukia mwenye gari mfukoni mwake. Gari ya mtu binafsi iliyokuwa inapakia abiria kwa nauli bila ruhusa nayo ni mtihani, kampuni inaweza kugoma kwa sababu hiyo, ndiyo maana ile lifti ya shilingi elfu moja wakati mwingine ni ghali kuliko teksi. Na kampuni ikikuzungusha bila sababu, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya mlalahoi asiyeweza kumlipa wakili.

NA KAZINI JE?

Swali linaloulizwa sana: nimeumia nikitoka kazini, mwajiri hahusiki? Ujerumani tangu mwaka 1925 njia ya kwenda na kurudi kazini inahesabiwa ni sehemu ya kazi, ukivunjika mguu humo ni sawa na kuvunjikia kiwandani. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, nao unazitaka nchi zilizouridhia ziitazame njia hiyo. Kwetu Zanzibar sheria ya fidia kwa wafanyakazi, ya mwaka 1986, inataka ajali itokane na kazi na itokee ndani ya kazi, kwa hiyo aliyepanda 606 kwa nauli yake, saa zake za kazi zimekwisha, njia yake kwa mwajiri ni nyembamba. Kama alikuwa ndani ya gari ya ofisi, au ametumwa, mambo yanabadilika, asikubali kuambiwa hapana mlangoni. Na wale mnaosikia habari za WCF redioni, mfuko huo ni wa Tanzania Bara.

Ndiyo maana nasema kwa abiria wa kawaida wa Pemba tegemeo kubwa ni ile stika ndogo kwenye kioo.

Amebaki mmoja, yule aliyekuwa anapiga bodi. Utingo ndiye anayesimama kwenye kingazi cha nyuma, ndiye wa kwanza kurushwa gari ikipinduka, na mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote garini. Bima ya mtu wa tatu haikuwekwa kwa ajili yake, kwa kuwa yeye ni mfanyakazi wa gari. Wa kumlipa ni mwenye gari, kwa sheria ile ile ya fidia kwa wafanyakazi. Wenye gari wengi wakiambiwa hivyo wanashangaa, wanasema yule kijana hana mkataba, analipwa jioni kwa hesabu ya siku. Wamuulize mwanasheria kabla gari haijaingia kona, kwa sababu kulipwa jioni hakumfanyi kijana asiwe mfanyakazi.